Shujaa wako ni kamongo: jinsi ya kuandika hadithi ya kupanda levo bila namba kukuvuruga

Kama umeshazisoma hizi hadithi za kupanda levo, zile mtu anakufa halafu anaamka amekuwa buibui au joka au hata jiwe, na mbele yake inatokea ubao umeandikwa Nguvu 3 Kasi 2, basi unajua vile zinavyonasa, unasema sura moja tu nilale, kushtuka kumekucha na bando limeisha. Na sisi tunaosoma Kiswahili huku Uganda, watu wa Busia, Malaba, Arua, Kisenyi, watoto wa kambi za jeshi, wengi tumeanza kutamani kuandika zetu, na ni vizuri kabisa. Shida ni kwamba nyingi zinakata roho sura ya sita au ya saba, na ukiangalia sababu ni ile ile: mwandishi alianza na ubao. Akapanga namba, akapanga skili arobaini, yaani ule uwezo maalum wa shujaa, zenye majina ya kutisha, halafu ndio akaanza kutafuta mnyama wa kuzibeba.

Geuza hiyo kitu. Anza na mwili wa mnyama, namba zije nyuma. Kila namba unayoandika iwe imetoka kwenye mwili wake, na kama namba haibadilishi kitu anachoweza au asichoweza kufanya pale alipo, ifute, hata kama ilikuwa nzuri machoni.

Kuchagua mnyama

Watu wanakimbilia simba, chui, joka. Sasa simba yuko juu tayari, atapanda aende wapi? Swali la kujiuliza kwanza ni nini kinamuua huyu mnyama wako kila siku, maana hapo ndio hadithi inakaa. Na chukua mnyama ambaye wewe mwenyewe umemuona au unaweza kwenda kumuona, usichukue mbwa mwitu wa theluji na wewe umekulia Mbale, utaandika uongo na msomaji atausikia.

Huku tumejaliwa. Kuna kaloli, yule ndege mkubwa wa jalalani aliyejaa Kampala, ana upara, mfuko unaning'inia shingoni, urefu karibu mita moja na nusu, na jua likizidi anajinyea miguuni ili apoe. Sauti ya maana hana, anagonganisha mdomo tu. Shujaa asiyeweza kusema neno katikati ya mji unaopiga kelele usiku na mchana, hiyo ni vichekesho tayari, na skili ya kujinyea miguuni kupunguza joto sijui nani mwingine duniani ameiandika.

Kuna senene, wale panzi wanaoliwa. Huyo anafaa hadithi fupi ya sura tano basi, manake hana umri wa kufika levo 50. Mwezi wa Novemba watu wa Masaka wanasimamisha mabati, wanapanga mapipa chini, wanawasha taa kali mpaka mtaa mzima unaonekana mchana. Bosi wa mwisho, yaani adui mkubwa wa kumalizia, ni Taa. Senene wako anajua kabisa ile taa ni kifo na mwili wake unaifuata tu, namba yake ya Akili inapanda na haimsaidii chochote. Mwisho wake kila mtu anaujua, unanukia kitunguu.

Siafu ni wazuri lakini wagumu, sababu hujui "mimi" ni nani, ni huyu mmoja au ni kundi. Kama ndio kwanza unaanza waache.

Mimi nitatumia kamongo hapa chini, ile samaki Waganda wanaita emmamba, kwa sababu mwili wake wenyewe ni gemu. Hebu angalia. Anatoka kwenye yai akiwa na mashavu ya nje, vimanyoya vinavyoning'inia kando ya kichwa, anapumulia majini kama samaki wengine. Akikua vile vinapungua na anaanza kutegemea mapafu, akiwa mkubwa hewa karibu yote anaifuata juu, ukimzuia asifike juu anakufa maji, samaki anakufa maji! Maji yakikauka anachimba tope, anajikunja mkia juu ya kichwa, anatoa ute unaokauka na kuwa ganda, analala humo miezi na miezi akila misuli yake mwenyewe mpaka mvua irudi. Dume ndilo linalolinda kiota. Anaweza kufika mita mbili na kilo 17 hivi. Hayo yote sijayatunga. Mwandishi aliyepewa mnyama kama huyu kazi yake ni kutoharibu.

Sasa namba

Huu mtindo wa kumuandikia mtu Nguvu na Akili na nini kwa namba ulienezwa na gemu ya mezani ya Dungeons & Dragons, iliyotoka Marekani 1974. Kule walikuwa na sifa sita, unarusha dadu tatu, unapata kati ya 3 na 18. Ile iliwafaa watu wenye mikono, wanaobeba panga na kubembeleza wafalme. Waandishi wa sasa wanazichukua zile sita kama zilivyo wanambandika nyoka. Haiba ya kamongo utaipima kwa nini, kwa kuwachekesha konokono?

Kaa chini jiulize mwili wake unahesabu nini. Wa kamongo unahesabu hewa kabla ya kitu kingine chochote. Halafu nyama aliyojiwekea mwilini, sababu ndio chakula cha usingizini. Halafu taya, maana meno yake ni ya kuponda, anavunja gamba la konokono kama kitu si kitu. Halafu ute. Ukiongeza uhai zinakuwa tano na zinatosha kabisa kwa kuanzia. Ubao wake unaweza kuwa hivi:

KAMONGO MCHANGA, levo 3
Uhai: 14 kati ya 14
Hewa: 9 kati ya 30
Nyama: 22
Taya: 4
Ute: 1
Skili: Kunusa gizani

Umeona hiyo Hewa 9? Hiyo ndiyo hadithi. Zingine zinangoja, ile inashuka. Ukiwa na namba moja inayoshuka yenyewe bila mtu kuigusa, huhitaji kutafuta tenshen mahali pengine, kila tukio litakuwa na saa ndani yake.

Hebu tuiweke kazini. Tuko Mabamba, ile mbuga ya maji ng'ambo ya Entebbe, watalii wanapelekwa kwa mtumbwi kumuona korongo nyangumi, yule ndege wa kijivu wa mdomo wa kiatu. Watalii wanamuona mrembo. Kwa kamongo yule ni mwisho wa dunia, sababu kamongo ndio chakula anachokipenda, na anavyowinda ni kusimama tu kwenye maji ya kina kifupi bila kutikisika, anangoja samaki apande kuvuta hewa. Sasa soma:

Hewa 9. Juu yangu kuna mwanga, na katikati ya mwanga kuna kivuli ambacho hakijasogea tangu maji yalipokuwa baridi. Hewa 8. Mafunjo yako kule, mwendo wa Hewa 6 nikitambaa. Nikikimbia ni mwendo mfupi, lakini kukimbia kunakula Hewa 10, na sina 10. Nikitambaa nitatikisa mizizi ya yungiyungi na yeye ataona. Hewa 7. Kile kivuli kinaweza kuwa gogo. Nimeshawahi kuona gogo. Gogo halina harufu ya samaki.

Pale hakuna mtu aliyepigana na mtu, hakuna levo iliyopanda, na msomaji ameshika simu kwa mikono miwili. Namba zimefanya kazi ya kuamua, yaani msomaji anaweza kupiga hesabu pamoja na shujaa, 8 toa 6, nitabaki na 2, je nikichelewa? Linganisha na hii ninayoikuta kila siku: Umeua konokono! Umepata pointi 5! Nguvu +1! Kasi +1! Bahati +1! Hongera! Kwa hiyo? Kasi imetoka 6 imekuwa 7, ni nini alikuwa hawezi jana ambacho leo anaweza? Kama mwandishi mwenyewe hawezi kujibu, msomaji aanzie wapi.

Kwa hiyo kabla hujaongeza pointi yoyote andika pembeni sentensi moja ya kile kinachobadilika. Taya 4 anavunja konokono mdogo. Taya 7 anavunja kaa. Taya 12 anakata uzi wa ndoano, sio waya, uzi. Basi siku Taya inafika 12 msomaji anakumbuka ile ndoano ya sura ya pili iliyomchukua ndugu yake na utaona vile watu wanakuandikia.

Bei ya levo

Hapa ndipo watu hawapigi hesabu na inawarudi. Tuseme levo ya kwanza inagharimu pointi 100. Ukisema kila hatua iwe mara mbili ya iliyopita, inaonekana safi, lakini hatua ya 10 peke yake ni 51,200 na hatua ya 20 ni 52,428,800. Konokono anatoa 5. Gawanya mwenyewe, ni konokono zaidi ya milioni 10 kwa levo moja. Hapo ndio mwandishi anaanza kuleta madubwana ya pointi milioni moja kutoka hewani, na hadithi imeshaharibika.

Ukiongeza 50 tu kila hatua, ya 10 inakuwa 550 na ya 20 inakuwa 1,050, hiyo ni laini mno, atapanda kila sura mpaka kupanda kukose ladha. Ukizidisha kwa 1.3, ya 10 ni kama 1,060 na ya 20 ni kama 14,600, hapo pana pumzi. Sisemi 1.3 ndio sheria, nasema chukua kikokotoo cha simu upige mpaka levo unayotaka kufika kabla hujaposti sura ya kwanza, sababu ukishaposti bei haibadiliki, kuna msomaji mmoja kila mahali, huyo anakumbuka kila namba na hasamehi.

Lakini kuna dawa nzuri kuliko hesabu, nayo ni kitu kile kile kisilipe mara mbili. Konokono wa kwanza 5, wa kumi 1, wa ishirini hakuna kitu, anashiba tu. Tenganisha shibe na pointi kabisa. Kula kunaongeza Nyama, pointi zinatoka kwa kuokoka kwenye jambo jipya. Hivyo unamlazimisha mnyama ahame, atafute hatari, na wewe hutakwama na sura nane za kuua konokono kwenye kona ile ile.

Kubadilika umbo

Wasomaji wa hizi hadithi wanangoja siku ya kubadilika umbo, ndio harusi yenyewe. Kosa lililoenea ni kumpa tu: mabawa, magamba ya dhahabu, moto wa mdomoni, na hakuna alichopoteza. Kamongo anakufundisha bure. Mtoto akipoteza vile vimanyoya vya kichwani anapata mapafu yenye nguvu, sawa, lakini kuanzia siku hiyo juu ya maji panakuwa lazima, na juu ya maji ndipo korongo aliposimama. Amepanda na amejifunga. Ukiweka uchaguzi, weka wa kuuma: abaki na mashavu ya nje aishi chini salama lakini asikue tena, au achukue mapafu. Msomaji abishane na mwenzake angechagua nini.

Usingizi wa tope ndio mkubwa zaidi. Uweke sehemu ya pili ya hadithi, kando ya ziwa Kyoga upande wa Teso, kiangazi kimeshika na kidimbwi kinapungua. Mfumo, yaani ile sauti ya gemu inayoandika ubao, unamwambia ganda linataka Ute 10, na kila siku ya usingizi inakula Nyama 1. Mvua haijulikani itarudi lini. Ana Nyama 95. Je alale leo, au akae nje wiki nyingine kwenye maji yanayogeuka uji akitafuta kuongeza? Na kila kiumbe kilichobaki kwenye kile kidimbwi kiko kwenye hali ile ile, kambare naye anataka chakula, ndege wanazidi kutua, watoto wa kijiji wanakuja na majembe kufukua tope. Hiyo sehemu inaweza kubeba sura kumi na hutarudia tukio.

Akilala, usiruke usingizi na "miezi miwili baadaye". Andika sura moja fupi fupi, ubao peke yake, Nyama 81, Nyama 64, Nyama 40, katikati kidogo sauti ya jembe juu yake halafu Nyama 39. Akiamka awe mdogo kuliko alivyolala, misuli imeliwa, Taya imeshuka kutoka 12 mpaka 8. Ndio, ishushe. Wasomaji watalalamika, waache, wiki ya pili watakuwa wanamwambia kila mtu asome. Cha kumlipa ni skili ambayo hangeipata kwa njia nyingine yoyote.

Ramani

Wengi wanachora ramani ya kubuni yenye milima ya giza na misitu ya mauti wakati maji ya Uganda yamepangwa tayari kama gemu. Ziwa Victoria linamwagika Jinja, mto Nile unaenda Kyoga, unapita Karuma, unaanguka Murchison kama mita 43 kwenye mwanya mwembamba wa mwamba, halafu unaingia ziwa Albert. Kila kituo kina lango. Jinja pana bwawa la Nalubaale tangu 1954, chini yake yamejengwa mengine, Bujagali, Isimba, mpaka Karuma. Kushuka anaweza akiwa na bahati ya ajabu, kurudi hawezi. Shujaa anayeshuka mto hawezi kurudi kwao, hiyo peke yake inakupa huzuni bila kuua mama yake sura ya kwanza, maana hiyo ya kuua mama tumechoka nayo jamani.

Na adui mkuu yupo. Sangara, mputa. Huyu hakuwepo Victoria wala Kyoga, kwao ni Albert na Nile ya chini ya Murchison, aliletwa huku juu miaka ya 1950 na kuendelea, akala samaki wengi wa kienyeji mpaka wengine hawaonekani tena. Anafika kilo 200. Kamongo wako wa kilo 17 atamshindaje? Hamshindi kwa levo, tafadhali usimpe Nguvu 900 ampasue, utakuwa umetupa kila kitu ulichojenga. Sangara anataka maji yenye oksijeni nyingi. Ndani ya mafunjo, kule maji yamesimama na majani yanaoza, oksijeni ni kidogo sana na sangara akiingia anaishiwa nguvu, ndio maana visamaki vingi vilijificha humo vikapona. Kamongo yeye anapumua juu, humo ndani ni sebuleni kwake. Kwa hiyo pigano la bosi ni kumvuta sangara aingie mafunjo na kumkalisha humo, na ile Hewa iliyomtesa shujaa tangu sura ya kwanza sasa inamtesa mwingine. Weka ubao wa sangara hapo mara moja tu, Hewa inashuka. Kwa mara ya kwanza msomaji anaona namba ya adui na ni namba anayoijua maumivu yake.

Ukifika Albert, kwenye sangara wa asili wenyewe, hapo nakuachia.

Mtu ndani ya samaki, au samaki tu

Hii watu wanabishana sana. Mtu aliyekufa akazaliwa upya ni rahisi, anaweza kushangaa badala ya msomaji, anaelewa ubao, anachekesha. Shida ni kwamba kufika sura ya kumi umeshasahau kuwa ni samaki, ni kijana wa Kampala anayepiga stori akiwa na mkia. Ukitaka njia hiyo, mnyang'anye vitu polepole. Tuseme alikuwa mwendesha boda wa Busia. Levo 1 anakumbuka jina lake, steji yake, deni la pikipiki. Kila akibadilika umbo mfumo unakata kumbukumbu moja, na anachagua ipi. Anaweza kulipa kwa kuisahau sura ya mtoto wake ili Ute upande? Hiyo nayo ni bei.

Mimi napenda samaki tu, asiyejua ubao ni nini. Ubao unauona msomaji peke yake, kamongo anasikia njaa, kubanwa kifua, harufu. Ni kazi zaidi, hutaweza kuandika "nilifikiri" kila mstari, lakini ile lugha inakuwa yako. Macho yake si ya kuringia, anategemea zaidi kunusa na kugusa, kwa hiyo futa "niliona" nyingi uwezavyo uweke "nilinusa", "maji yalinisukuma", utashangaa sura inabadilika kiasi gani.

Binadamu waweke lakini wasielewe kinachoendelea. Hapa kuna kitu kizuri sana cha Buganda usikiache: watu wa ukoo wa Mmamba hawali kamongo, ni mwiko wao, ni jina lao. Mfanyie hivi. Wavuvi wawili wamemnasa, mmoja ni mzee wa ukoo huo na mwingine ni kijana aliyetoka Tororo juzi.

"Mzee, huyu ni mkubwa. Sokoni tunapata pesa nzuri."

"Nimemuona."

"Sasa mbona umekaa tu, mzee wangu? Nipe panga."

"Kijana, wewe mle, mimi siwezi kumla. Lakini mtumbwi huu ni wa nani?"

"Ni wako, ssebo."

"Basi."

Na mfumo unaandika: Skili imefunguka, Mwiko, levo 1. Kamongo hajui imetoka wapi. Sasa iwekee mipaka mikali, inafanya kazi kwa mtu wa ukoo ule tu, kwenye chombo chake tu, na jirani kwenye mtumbwi wa pili hana habari nayo. Skili isiyo na mipaka inakuua mwandishi kuliko inavyomuua adui.

Mambo ya simu na daftari

Wengi tunaandika na kusoma kwa simu, kwa hiyo ubao usiuchore kwa jedwali lenye mistari na visanduku, ukifika kwenye simu ndogo unavunjika unakuwa takataka. Mstari mmoja kitu kimoja, kama nilivyoweka juu. Ubao mzima utoe kwa nadra, siku ya kubadilika umbo au msomaji akiwa ameshapoteza hesabu, siku zingine taja ile namba moja inayohusika. Kuna waandishi wanabandika ubao mzima kila mwisho wa sura ili maneno yaongezeke, tunawajua, tunauruka.

Daftari la karatasi liwepo, lile la mia mbili kurasa la dukani linatosha. Kila sura ikiisha andika tarehe ya ndani ya hadithi, kila namba ilipofika, na nani alimuona akitumia skili gani. Simu ikiibiwa kwenye taksi daftari liko nyumbani. Majina ya skili yawe mafupi na ya Kiswahili cha kawaida, Kunusa gizani, Ganda, Kuponda, Mwiko, usiende kwenye Pigo Takatifu la Kimbunga cha Milele, kwanza mtoto wa shule atalisomaje. Na hao watoto wa shule ndio wanakuja, baraza la mawaziri lilishakubali 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima, wanatafuta kitu cha kusoma ambacho hakinuki mtihani. Kiswahili chako cha Uganda kiache kilivyo, mvuvi wa Mabamba akiongea kama mtangazaji wa Dar hakuna atakayemuamini, ila sauti ya mfumo yenyewe unaweza kuifanya sanifu, kavu, bila huruma, na ile tofauti inapendeza.

Urefu wa sura, maneno 1,200 mpaka 1,500 yanatosha kwa mtu aliye kwenye foleni. Andika sura tano uziweke kabla hujaposti ya kwanza, maana umeme utakatika, mgeni atakuja, msiba utatokea. Na sura ya kwanza usimpandishe levo hata moja. Mfanye amalize sura nzima akiitafuta pumzi moja, akaipata, kisha umkate msomaji pale pale Hewa ikiwa imerudi 30 na kile kivuli cha juu kikiwa kimesogea hatua moja.